Jumba la Attingham: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba za mabwana wa Kiingereza za mwisho wa zama za akina George

Shropshire ni mkoa wa magharibi ya Uingereza, unapakana na Wales. Kilomita chache kusini-mashariki ya mji wa Shrewsbury, karibu na kijiji cha Atcham, kuna jumba liitwalo Attingham. Ndugu, jamaa na wanafunzi wanaokuja kututembelea huku huishia kupelekwa huko, maana ni karibu na watoto wanapata pa kukimbia. Tukiwa bado njiani maswali huanza, na kwa miaka sasa ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, si historia, kwa hiyo msishangae nikikaa sana kwenye paa na madirisha na kuzipita mbio picha za ukutani.

Hizo "zama za akina George" ni lini?

Tangu 1714, George wa Kwanza aliporithi kiti, hadi 1830 alipofariki George wa Nne. Wafalme wanne, jina moja, mmoja baada ya mwingine. Watu wakisema mwisho wa zama hizo wanakusudia takriban kuanzia miaka ya 1760, yaani utawala mrefu wa George wa Tatu na ule mfupi wa mwanawe. Attingham lilijengwa kati ya 1782 na 1785, likaongezewa sehemu kubwa kuanzia 1805. Basi ndani ya nyumba moja utaona mikono miwili na mitindo miwili ya kipindi hicho.

Lilikuwa la mfalme?

Hapana, na hilo ndilo huwashangaza wengi. Ilikuwa nyumba ya mtu mmoja na familia yake: Noel Hill, mbunge wa Shropshire, ambaye mwaka 1784, nyumba ikiwa bado na majukwaa ya mafundi, alipewa ubaroni na kuitwa Lord Berwick. Msanifu wake alikuwa George Steuart, Mskoti. Ukifika Shrewsbury mjini utaona kazi yake nyingine, kanisa la St Chad la 1790 hadi 1792, lililojengwa duara.

Hill hakuanzia kwenye kiwanja kitupu. Palikuwa na nyumba ya ukoo, Tern Hall, na Steuart aliunganisha jumba jipya na ile ya zamani badala ya kuifagia yote. Hili tunalifahamu sana kwetu: mtu anapata hela, anasimamisha ghorofa mbele ya nyumba ya mama yake, na anayepita barabarani anaona ghorofa tu.

Kwa nini kushoto na kulia kunafanana hivyo?

Simama mbele, mbali kidogo. Katikati kuna jengo kuu la ghorofa tatu juu ya orofa ya chini iliyozama. Kutoka pembe zake mbili zinanyooka safu za nguzo fupi kama mikono, na kila mkono unaishia kwenye kijengo kidogo. Ukikunja picha yake katikati, upande mmoja ungelala juu ya mwenzake bila kupishana.

Kanuni hiyo ilitoka Roma na Ugiriki ya kale, ikapitia kwa Andrea Palladio, msanifu wa Italia ya kaskazini wa karne ya 16, ambaye Waingereza walimfuata kama sheikh wao. Halafu likaja jambo jipya: miji ya kale ya Kirumi iliyokuwa imefukiwa, Herculaneum na Pompeii, ilianza kufukuliwa, wa kwanza 1738 na wa pili 1748, na vijana wa matajiri waliokwenda Italia kumalizia masomo wakarudi wamejaa hamu ya kuta nyembamba zilizochorwa na mapambo mepesi ya plasta. Robert Adam, msanifu mashuhuri wa wakati huo, mwenyewe alikwenda mpaka Split, mji wa Kroatia ya leo, kupima magofu ya kasri la mfalme wa Kirumi Diocletian, akachapisha michoro yake 1764. Steuart ni wa kizazi kilichokula matunda ya safari hizo.

Attingham ulinganifu haukuishia nje. Ukiingia mlango mkuu, kushoto ni upande wa bwana: chumba cha kulia, maktaba, chumba cha pembe nane cha kusomea. Kulia ni upande wa bibi: sebule, Chumba cha Sultana, na mwishoni kijumba cha mviringo kilichochorwa maua na mapambo membamba kuta nzima, kizuri kuliko vyote humo ndani kwa macho yangu. Nyumba ina jinsia mbili, kila moja na mrengo wake, na zinakutana ukumbini na mezani. Wageni wangu wa Unguja hucheka wakisikia jina la Sultana. Halihusiani na sultani yeyote. Lilitokana na aina ya kochi refu lililokuwa la fasheni wakati huo.

Nguzo za mlangoni mbona nyembamba?

Nyembamba kweli, na si wewe wa kwanza kusema. Ziko nne, zinapanda ghorofa zote tatu mpaka kwenye pembetatu ya juu. Nguzo za kale zina kiuno kinene zaidi kwa urefu kama huo. Wapo wanaoziona ni kosa la Steuart na wapo wanaoziona ni madaha. Mimi nadhani aliangalia barabara. Jumba liko wazi kwa apitaye njia ya zamani ya kutoka London kwenda Holyhead, na kutoka huko ngome ya nguzo nene ingeonekana kibonge. Hizi zinasomeka kama mistari. Ukizikaribia ndipo zinakupa wasiwasi.

Mbona madirisha ya chini ni marefu na ya juu kabisa ni madogo?

Kwa sababu ukubwa wa dirisha ulieleza cheo cha aliye nyuma yake. Sakafu ya kupokelea wageni ina madirisha marefu kuliko yote. Juu yake ni vyumba vya kulala vya heshima, madirisha yanapungua. Ghorofa ya mwisho ni ya watoto, wageni wasio na makuu na baadhi ya watumishi, madirisha yamekuwa karibu mraba. Ujanja mwingine ni wa jicho: vitu vikipungua kwenda juu, jengo linaonekana refu zaidi kuliko lilivyo.

Dirisha lenyewe ni la kupandisha na kushusha, na hapa naomba dakika mbili. Niliwahi kupanga nyumba ya zama hizo mjini, ndogo, ya kawaida kabisa, na dirisha la chumbani lilikuwa linaanguka kama kisu. Nikafungua boksi la pembeni. Ndani, gizani, kulikuwa na kipande cha chuma kirefu kama mchi mdogo, kimelala chini na kamba yake imeoza. Juu kuna kapi, ile ile ya kwenye jahazi ila ndogo ya kutosha kiganjani. Fremu ya kioo inaning'inia upande mmoja wa kamba, chuma upande wa pili, na vyuma viwili vya kulia na kushoto vikijumlishwa vina uzito sawa na fremu. Ndiyo maana mtoto anaweza kuinua kwa vidole viwili dirisha linalomzidi kimo, nalo likakaa pale pale alipoliacha.

Fundi mzuri hakuweka uzito sawasawa kabisa. Kwa fremu ya juu alizidisha chuma kidogo ili ivutwe kwenda juu. Kwa ya chini alipunguza ili ikae chini. Hivyo dirisha lililofungwa linabaki limebana lenyewe. Nilinunua kamba mpya ya pamba, nikapoteza Jumamosi nzima, na tangu siku hiyo sipiti mbele ya Attingham bila kuhesabu vyuma vilivyojificha: vinne kwa kila dirisha.

Vijiti vyembamba vinavyogawa vioo vilikuwa vya lazima. Kioo kizuri cha wakati ule kilipulizwa kama puto, kikazungushwa kwa kasi mpaka kikafunguka kuwa sahani, na kutoka kwenye sahani ya duara huwezi kukata kipande kikubwa cha mraba. Ukikiinamia kioo cha asili kwa ubavu utaona mawimbi membamba yaliyopinda, alama ya kule kuzungushwa.

Ni kweli madirisha yaliyozibwa yalizibwa kukwepa kodi?

Mengine ndiyo. Kodi ya madirisha ilianza 1696 ikafutwa 1851, na ilipandishwa 1784, Attingham likiwa linaendelea kujengwa. Kioo chenyewe kilitozwa kodi tangu 1746 hadi 1845, na matofali tangu 1784 hadi 1850. Serikali ilikuwa inatafuta hela, si mchezo.

Lakini hadithi hii imekuzwa. Madirisha mengi ya uongo kwenye nyumba kubwa yalijengwa uongo tangu siku ya kwanza, kwa sababu nyuma ya ukuta kulikuwa na dohani au kona ya chumba, na ulinganifu wa nje ulidai dirisha mahali hapo. Mtu wa kiwango cha Lord Berwick hakukwepa kodi ya madirisha. Kwake madirisha mengi yalikuwa njia ya kuitangaza kodi anayomudu kulipa.

Kuta ni za nini?

Uso ni wa jiwe la Grinshill, jiwe la mchanga la rangi ya kijivu iliyofifia, kutoka machimbo ya kaskazini ya Shrewsbury. Katika nyumba nyingi za aina hii jiwe ni ngozi tu; nyama ya ndani ni tofali, kwa kuwa tofali ni rahisi na jiwe la kuchongwa ni ghali. Huhitaji kuambiwa: zunguka nyuma ya nyumba yoyote ya kipindi hicho uangalie pale ambapo mgeni hakutarajiwa kufika.

Vyote vimeunganishwa kwa chokaa. Mtu wa pwani haelezwi chokaa, ila niongeze kwamba kosa kubwa linalofanyika kwa nyumba hizi leo, huku kama kwetu, ni kuziba nyufa kwa saruji. Chokaa inapumua na kukubali mjongeo kidogo. Saruji inafunga maji ndani, na baridi ikija maji yanaganda na kubandua uso wa jiwe.

Na marumaru ya ndani ni ya kweli?

Iguse. Marumaru ya kweli inanyonya joto la mkono, ni ya baridi. Kama nguzo inang'aa lakini haikuchomi kwa baridi, basi ni jasi iliyokandwa kwa gundi na rangi, ikapakwa juu ya kiini cha mbao au tofali, ikasuguliwa kwa siku nyingi na kupakwa mafuta. Waitaliano ndio waliokuwa mabingwa wake. Mafundi wengine walichora mishipa ya marumaru kwa brashi tu juu ya lipu. Wakati huo huo London, mwanamke aitwaye Eleanor Coade alikuwa anaendesha tangu 1769 kiwanda cha Lambeth kilichotengeneza masanamu na mapambo ya udongo wa kuchoma yanayofanana na jiwe, na yanavumilia hali ya hewa kuliko mawe mengi.  Yeye aliiendesha kwa miongo mitano.

Kwa hiyo ukiuliza "ni feki?", jibu ni ndiyo, na hawakuona aibu. Feki nzuri ilikuwa ghali na iliheshimiwa.

Nimesikia paa linavuja. Ni kweli?

Limevuja karibu maisha yake yote, na kwangu hii ndiyo sura bora ya nyumba nzima.

Lord Berwick wa pili, Thomas, alirithi akiwa kijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1790 alizunguka Italia, akachorwa na Angelica Kauffman, akanunua picha nyingi kuliko kuta alizokuwa nazo. Mwaka 1805 akamwita John Nash amjengee ukumbi wa picha katikati ya jumba. Nash wakati huo hakuwa bado mjenzi wa mfalme. Makasri ya kifalme ya Brighton na Buckingham yalikuwa mbele yake. Nyuma yake kulikuwa na ufilisi mmoja na daraja moja la chuma, la Stanford kwenye mto Teme, lililoanguka 1795 muda mfupi baada ya kujengwa. Hata hivyo alikuwa ameshaifanyia mali ya Attingham nyumba ndogo ya kupendeza ya mtindo wa Kiitaliano, Cronkhill, na walimwamini.

Tatizo la ukumbi wa picha ni hili: picha zinataka kuta tupu na mwanga wa kutosha. Ukiweka madirisha ukutani unapoteza nafasi ya picha, na mwanga unang'aa juu ya varnishi usione kitu. Jawabu ni mwanga kutoka juu. Na juu ya ukumbi mpana namna ile, boriti za mbao zingekuwa nene kiasi cha kuzuia mwanga wenyewe. Nash akaagiza mbavu za chuma cha kusubu, zilizopinda, kutoka Coalbrookdale. Hiyo ni safari fupi kutoka Attingham, bonde lile lile la mto Severn lenye daraja la chuma lililofunguliwa 1781 ambalo mji wa jirani umeitwa kwa jina lake. Vipande vikaja vikiwa vimemiminwa kwenye kalibu, vikapangwa, vikajazwa vioo. Ilikuwa miongoni mwa mapaa ya kwanza ya chuma na kioo juu ya ukumbi wa picha popote pale. Kuta zikapakwa rangi nyekundu iliyokolea, na mwanga ukashuka kama Nash alivyotaka.

Pamoja na mvua.

Kwa nini? Chuma kinatanuka jua likipiga na kusinyaa usiku, na kioo hakitanuki kwa kiwango kile kile. Katikati yao kuna ulimbo, ule wa kushikiza kioo kwenye chuma, ambao ukiwa mpya unanyumbulika na baada ya miaka michache umekuwa mgumu kama biskuti. Kila asubuhi na kila jioni kiungo kinavutwa. Kinapasuka ufa usioonekana, na maji hayahitaji mlango mkubwa kuliko huo. Juu ya hilo, hewa ya joto na unyevu wa watu waliojaa ukumbini inapanda, inakutana na kioo baridi, inageuka matone. Hivyo hata siku isiyo na mvua panaweza kudondoka. Nash aliijua kazi yake, ila ulimbo ulio tayari kujongea na kurudi kwa miaka haukuwa umebuniwa. Alijenga kitu cha karne ya 19 kwa viungo vya karne ya 18.

Zaidi ya miaka mia mbili ya viraka ikafuata. Katika miaka ya 2010 shirika la kuhifadhi majengo ya kale la National Trust, linalomiliki jumba, liliamua kutokiondoa kioo cha Nash wala kukiacha kiendelee kuteseka. Wakajenga paa la pili la vioo juu ya lile la kwanza. La nje linakula mvua, la ndani linabaki na sura yake. Kama mkadiriaji naweza kusema si jawabu rahisi kwa gharama, lakini lina faida moja isiyo na bei: siku ukipatikana ufumbuzi bora, la juu linaweza kuondolewa bila kugusa la Nash.

Ngazi kuu iko wapi? Nilitafuta ukumbini sikuiona.

Nash aliihamisha alipoweka ukumbi wa picha. Iko nyuma, ndani ya chumba cha duara ambacho kuta zake zimefinyangwa mikunjo mikunjo kama kitambaa cha hema. Ipo nafuu gani kuieleza? Nenda ukaione.

Watumishi walipita wapi?

Chini na nyuma, na ikibidi ndani ya ukuta. Orofa iliyozama ina vijia, stoo za mvinyo zenye dari ya kuba, ukumbi wa watumishi kulia chakula, vyumba vya msimamizi. Ngazi zao nyembamba zinapanda hadi juu bila kukutana na ngazi ya mabwana. Katika nyumba za aina hii mlango wa mtumishi hutengenezwa bila fremu, ukapakwa rangi au kubandikwa karatasi ile ile ya ukuta, usione chochote ila mstari mwembamba kama uzi. Kengele ziliunganishwa kwa waya na vyuma vya kona: bwana anavuta kamba sebuleni, kengele inacheza chini, na mtumishi anajua ni chumba gani kwa kutazama ipi bado inatikisika.

Mzee mmoja wa Lamu niliyemleta alisimama kwenye kijia cha chini akasema, "Hawa wameficha kazi, sisi tulificha watu." Sijaacha kuliwaza neno lake. Nyumba ya mawe ya Lamu inampa mpita njia ukuta mtupu na mlango wa kuchonga; uzuri wote umeelekea ndani, kwenye kiwanda (ua wa ndani) na zidaka (vishubaka vya ukutani). Attingham uso wote uko barabarani, na mlango wa siri uko sebuleni.

Choo?

Vyungu chini ya vitanda, na katika kabati la pembeni la chumba cha kulia, kwa ajili ya wanaume wakiachwa na mvinyo wao. Ndiyo, chumba hicho hicho. Choo cha kuvuta chenye vali alikisajili Joseph Bramah 1778, kwa hiyo wenye uwezo walikuwa wanaanza kuvifunga, lakini kuna kazi moja waliyoendelea kumtegemea mtumishi kwa muda mrefu.

Hawakuganda kwa baridi?

Waliganda. Kila chumba na meko yake ya makaa ya mawe, uso unaungua na mgongo unaganda. Usiku walifunga milango ya mbao ya madirisha, ile inayokunjwa mchana na kujificha ndani ya unene wa ukuta. Waingereza wenyewe hupita bila kuigundua. Vuta kishikizo kidogo cha shaba pembeni ya dirisha (omba ruhusa kwanza) utaona.

Fedha zilitoka wapi? Utumwa?

Swali la lazima, na lijibiwe nyumba kwa nyumba, si kwa kauli moja. Utajiri wa akina Hill wa Attingham ulikuwa wa ardhi: mashamba ya Shropshire yaliyokodishwa kwa wakulima, kodi ikaingia kila mwaka. Msingi wake mkubwa uliwekwa na mzee wa ukoo, Richard Hill wa Hawkstone, aliyekuwa naibu mlipaji wa jeshi la Uingereza huko Flanders. Kushika mfuko wa mishahara ya jeshi kulikuwa na riziki yake. Jirani yao wa mkoa wa Herefordshire, Thomas Harley, aliyejenga Berrington Hall kuanzia 1778 kwa msanifu Henry Holland, aliuzia jeshi nguo na kulipeleka fedha vitani Marekani.

Kwingine jibu ni ndiyo bila kupepesa. Nyumba ya Harewood huko Yorkshire, iliyoanza kujengwa 1759, ilisimamishwa na familia ya Lascelles kwa hela ya sukari na watumwa wa Karibi. Kasri la Penrhyn huko Wales, la miaka ya 1820 na 1830, lilitokana na ukoo wa Pennant uliomiliki mashamba ya miwa Jamaika. Mwaka 2020 National Trust yenyewe ilichapisha ripoti iliyotaja mali zake 93 zenye uhusiano na ukoloni au utumwa, na kelele zilizofuata magazetini zilionyesha jinsi gani watu walipenda kutoulizwa.

Na hata pale ambapo kodi ya ardhi ilijenga kuta, tazama milango na meza. Mahogani ile nyekundu iliyokolea ilikatwa Jamaika na pwani ya Honduras, na waliokata walikuwa watumwa. Hiyo haihitaji ripoti, iko mkononi mwako ukishika kitasa.

Bustani ni ya asili au imetengenezwa?

Imetengenezwa mpaka mto. Mwaka 1797 Humphry Repton aliandaa kimoja cha vitabu vyake vyenye jalada jekundu kwa ajili ya Lord Berwick wa pili. Ndani kuna michoro ya rangi yenye kipande cha karatasi cha kufunua: kimefunikwa unaona ilivyo sasa, kifunue unaona itakavyokuwa ukinilipa. Mtu yeyote aliyewahi kuuza ramani za nyumba ataitambua mbinu. Hangaiko lake kubwa lilikuwa mto Tern, namna ya kuufanya maji yake yaonekane na kumeta kutoka madirishani. Repton na Nash waliwahi kuwa washirika wa kazi, wakaachana vibaya.

Kwa nini familia haipo tena?

Lord Berwick wa pili hakujua kusimama. Picha, ukumbi, lango, na 1812 akamwoa Sophia Dubochet, binti mdogo kwake sana na mwenye sifa mjini London. Mwaka 1827 vitu vya ndani vilinadiwa kwa siku 16, mnada mwingine ukafuata 1829, naye akafia Naples 1832. Ndugu yake William, mwanadiplomasia aliyekaa Italia miaka mingi, akarudi na fanicha na fedha za kuijaza nyumba upya. Ndiyo maana leo Attingham ina harufu ya Naples kuliko ya Shropshire. Lord wa nane aliliacha kwa National Trust alipofariki 1947, kama wengi walivyolazimika miaka ile, kodi za mirathi zikiwa juu na watumishi wamekwisha.

Kwetu kuna nyumba kama hizi?

La zama hizo, hapana. Watu hunionyesha maktaba ya McMillan ya Nairobi, yenye nguzo na simba mlangoni. Ilifunguliwa 1931, miaka mia moja baada ya George wa mwisho wa hawa wanne, na ni binamu tu: imesoma kwa walimu wale wale wa Roma, darasa jingine.

Nina saa moja tu. Nianze wapi?

Acha mlango wa mbele. Zunguka nyumba yote kwa nje kwanza, uone mahali jiwe zuri linapoishia. Ingia, pita upande wa bibi mpaka kwenye kijumba cha mviringo. Shuka chini kwenye kengele. Malizia ukumbi wa picha, na ukiweza chagua siku ya mvua. Usitazame picha. Simama katikati, inua kichwa: maji yanatiririka juu ya vioo vya nje, na chini yake vioo vya Nash vimekaa vikavu.